Namba Iliyokuwa Chini ya Reli

MAELEZO YA SHAHIDI
Ofisi ya Sherifu, Kaunti ya Absher, Montana
Tarehe: 14 Machi 2024, saa 3:25 asubuhi
Jina: Everett Lindqvist
Umri: miaka 86
Kazi: mwalimu mstaafu wa hesabu
Makazi: Barabara ya Kinu, Tin Creek
Mwandikaji: Naibu Sherifu Dana Oberholt

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na mtungi wa oksijeni miguuni. Daktari amenipa wiki chache za kuishi. Naibu Oberholt alitaka kuja kunihoji nyumbani, nikakataa. Jambo hili nilipaswa kulileta hapa kwa miguu yangu miezi minne iliyopita. Leo nimelileta kwa kiti cha magurudumu.

Namfahamu Corinne Tasker, dereva wa basi la shule, anayeshtakiwa kwa kumiliki bastola iliyofutwa namba yake ya utambulisho. Ni binti wa marehemu rafiki yangu Wendell Tasker, mfugaji wa kondoo. Kesho Ijumaa, saa 4:00 asubuhi, anatakiwa kuiambia mahakama kama anakiri kosa. Akitiwa hatiani hataendesha basi tena, na anaweza kufungwa. Namba hiyo hakuifuta yeye. Niliifuta mimi.

Mnamo Jumamosi, tarehe 8 Oktoba 2016, saa 3 hivi asubuhi, Wendell alikuja kwenye karakana yangu nyuma ya nyumba na bastola yake ya chuma, aliyoinunua mwaka 1979. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebaki na kidole gumba tu, vingine vilikatwa na mashine ya kufunga majani. Puma alikuwa amemlia kondoo sita mwezi ule, na Wendell hakuweza kushika tochi mkono huu na bastola mkono ule. Alitaka nimfungie reli ndogo chini ya fremu, mbele ya kifyatulio, tochi ikae hapo hapo kwenye bastola.

"Mpelekee fundi wa bunduki," nilimwambia.

"Fundi yuko maili tisini, na atanikalisha mpaka Krismasi. Wewe una keekee na unajifanya profesa."

"Keekee yangu ni ya kutobolea rafu za vitabu."

"Basi jifanye hii ni rafu. Ila Ev, namba yangu usiiguse. Iko hapo hapo chini."

"Naiona. Nina macho."

Sote wawili tulijua kwamba kuiharibu namba ile ni kosa la jinai.

Kabla ya kuanza niliweka ukurasa wa daftari juu ya namba, nikapaka penseli mpaka tarakimu zote saba zikatokea, kama watoto wanavyofanya na sarafu. Kando ya namba palikuwa na kovu dogo la chuma lililopinda kama mwezi mwandamo, nalo likatokea. Niliandika tarehe. Ni mazoea yangu kuandika kitu kilivyo kabla sijakigusa. Nilipanga reli ikae mbele kidogo, namba ibaki wazi.

Wendell aliingia ndani kula pai na mke wangu, Margit, ambaye alikuwa hai wakati huo. Saa 4:10 hivi fremu iliteleza kwenye jiliwa iliyoibana, na ncha ya keekee ikachimba tarakimu mbili za katikati. Mbili tu. Tano zilisomeka vizuri. Ningemwita Wendell wakati ule, tungekwenda pamoja kutoa taarifa, na pengine tungecheka. Badala yake nilichukua tupa, kisha msasa, nikasawazisha mpaka pakang'aa kama kijiko. Nilisogeza reli nyuma ikapafunika.

Kwa miaka thelathini na saba niliwaambia wanafunzi: kosa usilifute, likate kwa mstari mmoja lisomeke. Waliofuta niliwapunguzia alama. Naibu Oberholt anasema hapa kwamba yeye alipoteza alama nne kwa hilo, na bado anazikumbuka.

Wendell alirudi na makombo ya pai kwenye ndevu.

"Namba yangu iko wapi?"

"Chini ya reli. Nzima."

Aliwasha tochi, akaimulika dari. "Profesa, wewe hatari," alisema. Jumapili aliniletea paja la kondoo.

Wendell alifariki Aprili 2022 akiamini nilichomwambia. Bastola ikaenda kwa Corinne. Mnamo tarehe 9 Novemba 2023 aligonga kulungu kwa gari lake dogo la mizigo, askari akafika, akaiona bastola na kuuliza namba. Corinne alijibu alivyofundishwa na baba yake, kwamba namba iko chini ya reli. Skrubu zilifunguliwa mbele yake, na chini ya reli hapakuwa na namba. Habari hizo nilizisikia mgahawani. Watu walisema kaipata kwa wezi na sasa anamsingizia marehemu. Nilikuwa nimekaa meza ya pili na supu yangu. Nilimaliza supu.

Daftari lile nililisahau [neno limekatwa kwa mstari mmoja kwa ombi langu – E.L.] nililificha kabatini chini ya mablanketi. Niliona aibu. Nilitaka nizikwe kama mtu makini.

Jumatatu ya wiki hii, saa 2 asubuhi, Corinne alikuja kunisafishia theluji mlangoni, kama anavyofanya kila majira ya baridi tangu Margit afariki. Hakuna anayemlipa.

"Kesi imefikia wapi?" niliuliza.

"Wakili anasema nikiri tu, yaishe."

"Utakiri?"

"Nikiri nini, Mwalimu? Baba alisema iko chini ya reli. Baba hakuwa mwongo." Kisha akasema, "Sogea, umesimama kwenye barafu," akaendelea na koleo.

Nilirudi ndani nikatoa daftari. Ilinichukua siku tatu kupata gari la kunileta, na ninalikabidhi leo. Kama kuna adhabu niko tayari, ila isicheleweshwe sana.

Nimesomewa maelezo haya na ni yangu yote, pamoja na lile neno lililokatwa.

(Sahihi) E. Lindqvist

MAELEZO YA OFISA
Nimemaliza kuandika saa 5:05 asubuhi. Daftari nimelipokea kama kielelezo. Tarakimu saba za penseli zinalingana na stakabadhi ya mwaka 1979 ambayo mshtakiwa aliileta tangu Novemba, na ambayo hatukuwa na cha kuilinganisha nacho. Kovu lililopinda, ambalo tupa haikulifikia, bado lipo kwenye fremu mahali pale pale, kwa hiyo namba ya penseli ilitoka kwenye bastola hii. Saa 5:20 nilimpigia mwendesha mashtaka. Ameomba shauri la kesho liahirishwe, na anapitia upya mashtaka dhidi ya Bi. Tasker.

Bi. Tasker alifika saa 5:40. Aliyasoma maelezo akiwa amesimama. Alipofika kwenye neno lililokatwa alirudi kulisoma tena.

"Miezi minne, Mwalimu," alisema.

"Ndiyo."

"Nani amekuleta?"

"Teksi."

"Teksi, na theluji hii." Akabeba mtungi wa oksijeni.

Waliondoka saa 6:05 mchana. Aliyeendesha ni Bi. Tasker.

(Sahihi) D. Oberholt