Waya wa skrini

Riikka, shoga yangu, uko? Siwezi hata kulia.

Ile kompyuta yangu ya michezo, iliyokuwa inakwamakwama nikasema imezeeka, unaikumbuka? Jana nimenunua mpya. Ikakwama vilevile.

Nikamwita binamu Jouko. Hata hakuifungua. Akachungulia nyuma tu, akauliza, "Dada, waya wa skrini umeuchomeka hapa?"

Nikasema ndiyo, hata kwenye ile ya zamani niliuchomeka hapohapo.

Akaacha kunywa kahawa. "Kadi ya michezo, ile inayoendesha picha, ina tundu lake huku chini! Ukichomeka hapo juu, kadi haifanyi kazi yoyote. Umecheza hivyo muda gani?"

Miaka minne, Riikka. Miaka minne!

Akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Umefuga farasi, na mkokoteni unauvuta mwenyewe!"

Nikamuuliza kama ile ya zamani ilikuwa na ubaya wowote.

"Nzima kabisa. Ingekufaa miaka mitatu mingine."

Hajui pesa nilizipata wapi. Nakwambia wewe tu: nimeuza kodiani ya marehemu baba, ile aliyokuwa akiipiga. Aliyeinunua ameshapanda nayo treni ya Oulu.

Jouko ameuhamisha waya, akaondoka. Mchezo sasa unakwenda kama maji. Nimekaa mbele yake, sijagusa kitufe hata kimoja.