Sauti Uliyompigia Gundi

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Spika,

Salamu kwanza, maana mama hakunilea nianze barua na ugomvi. Hujambo? Shemeji hajambo? Yule mdogo ameshaota meno, au bado anawatesa? Na baridi ya huko mnaivumiliaje? Nauliza kwa moyo kabisa, ingawa moyo wenyewe umejaa, na ukisoma mbele utaona umejaa nini.

Sisi tuzima. Mama goti linamsumbua, na ukimwambia apumzike anakuuliza wewe umepumzika lini. Baba, yaani baba mkubwa wako, anakula vizuri, analala vibaya. Mimi cherehani inaniendea. Sare za shule zimeanza, chumba kizima ni kitambaa cha bluu, hata kitandani nalalia vipande. Ndugu yako Gundi shingo imepona, anageuza kichwa bila kulalamika. Hayo ndiyo ya mwili.

Sasa tuongee.

Hapa mtaani kila mtu amekuwa bingwa wa kueleza kwa nini Gundi, bingwa wao, kashindwa. Redioni wanasema alijinyima sana chakula na maji ili afikie uzito, akaingia ulingoni hana nguvu. Fundi viatu anasema ni umri. Mwenye duka anasema alilewa sifa, eti mtu asiyeshindwa miaka yote hii huanza kushangilia akiwa bado chumba cha kubadilishia nguo. Kinyozi ndiye aliyesema la maana. Alisema mchezo huu wa kukabana si kama mpira, ukishaongoza mabao ukakaa nyuma kulinda. Humu unamtawala mtu tangu mwanzo, unakosea kidogo tu, shingo yako inaingia mahali pa kubanwa, na habari yako imekwisha. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Hilo kosa nilikuwa nalijua, na nilijua limetoka kinywani mwa nani.

Acha nikukumbushe, maana naona huko uliko mambo yanafutika. Mama mdogo, mama yako, alipofariki ukaja kwetu, wewe na Gundi mkalala godoro moja. Baba alipoanza kumfundisha Gundi kupigana, alikuwa anamfunga kitambaa machoni, nilikishona mimi mwenyewe, na wewe unasimama pembeni unamwambia la kufanya. Shuka. Bana. Inuka. Zunguka. Baba alikuwa na msemo wake kwamba mwili ukianza kufikiri umeshachelewa, kwa hiyo Gundi alitakiwa aitii sauti yako kabla hajaielewa. Akichelewa, anarudia. Ikafika mahali ukimtania mezani "inuka", anasimama na sahani mkononi, tunacheka mpaka mama anatufukuza sote. Dunia iliona mikono isiyoachia, ikamwita Gundi. Sisi wa nyumbani tulijua kazi ya mikono ile inaanzia mdomoni mwako.

Ulipopata kazi huko hatukukuonea kijicho. Ulituambia unafundisha watoto wadogo kuanguka bila kuumia, na mama akawatangazia majirani wote. Kumbe ulikuwa unamwandaa mtu wa kumwangusha mwenzako. Hata simu ukaona nzito, Spika? Ungepiga ukasema, dada, wamenipa kazi kwa mpinzani wa Gundi, ningekutukana nusu saa, kisha ningekuelewa. Mtu ana mke na mtoto, atafanya kazi iliyopo. Hilo nimeshalimeza, ingawa lilinikwama.

Ninalokataa kulimeza ni lile jingine.

Siku ya pambano sebule ilijaa hadi mlangoni. Baba na Gundi mko nao huko, sisi huku macho kwenye televisheni. Raundi ya kwanza ya Gundi, ya pili ya Gundi. Ya tatu amemlaza yule mtu wenu chali, kifua juu ya kifua, anamsaga taratibu kama anavyojua. Baba anamwambia akae hapo hapo. Mimi nimeshaanza kufikiria nitamshonea nini cha kuvaa akirudi. Mara ikasikika sauti moja inapita juu ya kelele zote.

"Inuka!"

Mama akashtuka kwa furaha. "Jamani, si Spika huyo?" Masikini, alidhani umeenda kumtia moyo ndugu yako. Alikuwa bado anakutafuta kwenye kioo wakati Gundi anainua kichwa na kiuno, na chini yake goti la yule mtu likapenya, miguu ikajifunga shingoni mwa Gundi pamoja na mkono wake mmoja. Aligonga sakafu kukubali kushindwa. Gundi, Spika. Sijawahi kuuona mkono ule ukigonga. Kisha wakakuonyesha wewe, shati la njano, taulo begani. Mama akanyanyuka, akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyo safi.

Nimeirudia ile picha mara nyingi kuliko inavyofaa. Niliomba uwe ulikuwa unamwambia yule wa chini ajinasue, hapo ningekusamehe, ni kazi yako. Lakini yule mtu wenu hajui lugha yetu hata ya kuombea maji. Raundi mbili nzima ulimwelekeza kwa lugha yao, nilikusikia. Neno moja tu ndilo ulilolisema kwa lugha ya nyumbani, umekusanya viganja mdomoni ili lifike mbali. Ulikuwa unamwambia nani?

Baba naye alilisikia, alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Tangu arudi hajalitaja jina lako, si kwa wema si kwa ubaya. Gundi ndiye anayekutetea. Anasema uliona ameanza kutegwa mkono, ukasahau uko upande gani, ukamwita kama zamani. Amegombana na baba kwa ajili yako, mpaka wakakaa siku nzima hawasemeshani. Lakini nenda kwenye ukumbi wa mazoezi ukamwone. Baba akimwambia shuka, anasita. Akimwambia bana, anageuka kwanza kutazama. Ule mwili mliokuwa mmeufundisha usifikiri, sasa unafikiri kila kitu, na vijana wa juzi juzi wanamlaza.

Wamemtaka arudiane na yule mtu wenu. Amekubali kwa sharti moja, na sharti lenyewe ndilo lililonikalisha hapa kuandika. Anataka wewe ndiye usimame pembeni yake. Nilimwambia amechanganyikiwa. Akanijibu polepole, unamjua asivyo na maneno: "Dada, kama Spika alikusudia, basi mimi sijui miaka yote ile nilikuwa namsikiliza nani."

Atakupigia wiki hii, hajui kama nimekuandikia. Kwa hiyo nisikilize mimi kabla yake. Kama uliteleza, kama ni mapenzi ya nyumbani yaliyokuponyoka, mwambie ndiyo, uje, mlango nitakufungulia mimi. Kama ulikusudia, mwambie kazi imekubana. Mwambie mtoto anaumwa, mwambie uongo wowote utakaoupata, nami nitaushikilia hapa mpaka naingia nao kaburini. Ukweli usimwambie kamwe, na hapa usikanyage.

Shemeji mpe salamu zangu, na mtoto mbusu mashavu yote mawili. Mama anakusalimu sana. Yeye bado anasema alifurahi kuisikia sauti yako. Mungu akulinde huko uliko, na akulindie na huo mdomo.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, ningekuwa sikupendi nisingeumia hivi,

Dada wa Cherehani