Bwana Kengele

Jumatatu, 4 Machi
Duniani hakuna mtu anayejua kukaa kwenye cherehani kama mimi. Leo kola thelathini na nane za sare za shule, kitako hakijainuka. Hata chooni sikwenda. Huu mgongo ni chuma — ukiugonga unalia.

Alikuja daktari wa viungo kuangalia tunavyokaa. Shangazi, anayeshona pembeni yangu na ndiye aliyenitafutia hii kazi, kaambiwa pingili za kiuno zimechoka. Ainuke kila nusu saa, ajinyooshe, atembee kidogo. La sivyo siku moja kiuno kitakataa. Lakini Shangazi akishainamia kitambaa, amesahau dunia. Msimamizi akaamua simu iwe inalia, wote tusimame. Simu ya nani? Yangu. Na mimi ndiye wa kusimama mbele na kuhesabu.

Jumanne, 5 Machi
Tulisimama mikono juu kama tumekamatwa. Nikawapa amri: kifua mbele, tumbo ndani, wewe usidanganye. Shangazi akasema, "Nepi nimembadilisha mimi, leo ananipangia tumbo." Chumba kizima kikacheka.

Jioni aliinuka bila kushika meza. Kazi yangu hiyo.

Alhamisi, 7 Machi
Kuna jamaa tunamwita Risasi. Kola arobaini na moja! Kengele ikilia yeye hasimami, anasema mgongo wake hauna shida. Mimi niko mbele nahesabu huku nagusa vidole vya miguu, yeye anashona tu. Alipopita akaniambia, "Bwana Kengele, wanyooshe wazee. Kazi tuachie sisi."

Nilicheka. Kicheko cha meno tu. Kesho atanijua.

Ijumaa, 8 Machi
Arobaini na nne. Risasi arobaini.

Nilitaka kuandika mengi kuhusu sura yake. Sina hamu.

Saa tisa Shangazi alitaka kuinuka akachukue uzi. Hakuinuka. Alishika cherehani kwa mikono miwili, jasho likamtoka, akasema polepole, "Jamani, siisikii miguu vizuri." Tulimbeba na kiti chake mpaka kwenye gari. Msimamizi akauliza kengele ilikuwa wapi. Nikasema simu ilizima, chaji iliisha.

Jumamosi, 9 Machi
Amelazwa chini nyumbani, godoro jembamba, mto chini ya magoti. Daktari kasema wiki tatu asikae kitini, halafu waone kama atarudi kwenye cherehani. Waone kama! Miaka kumi na tisa hajui kazi nyingine.

Majirani walikuja kumpa pole. Mmoja akanitupia jicho, akauliza huyu kijana alikuwa wapi. Shangazi akamkata: "Mwacheni mwanangu. Simu ni mashine, inakufa. Yeye ndiye aliyenisaidia wiki nzima."

Nikatoka kwenda kuchota maji. Ndoo ilikuwa imejaa tayari.

Sasa ananiita nimgeuze upande. Nimeitika naja. Naandika kwanza, nikienda hivi nitalia mbele yake.

Simu haikuzima. Niliinyamazisha mwenyewe tangu saa nne asubuhi, nikiwa na kola ya kumi na mbili. Na hilo lingesameheka. Lakini Shangazi aliniuliza. Mara mbili, bila kuinua kichwa, ananiamini: "Mwanangu, nusu saa bado?"

Mara zote mbili nikamjibu, "Bado, Shangazi. Shona tu."