Mama, Sasa Pumzisha Koo

Mama,

Kamwene. Ni mimi Vero wako, nakuandikia kutoka Iyunga, hapa kwa Mama Mdogo. Nina habari, na hii sitaki uipate kwa jirani. Wamenitengeneza sikio la kulia. Ndiyo, lilelile lililotoa usaha tangu utoto, ulilolitilia mafuta ya nyonyo na kila dawa uliyoelekezwa, mpaka ngoma yake ikatoboka. La kushoto nalo limetoboka, ila zamu yake bado.

Hospitali hapa Mbeya wameleta darubini ya kupasulia masikio. Ungeiona! Ni ndefu kuliko mtu, ina mkono wa chuma unaokunjika, na juu ina macho mawili ya kioo na taa yake. Zamani daktari alijifunga kioo kwenye paji la uso akachungulia tu. Kupasua kule ndani hakuthubutu. Sasa unanijua kwa udadisi. Nilimsumbua nesi mpaka akaniacha niweke kidole chini ya taa nichungulie. Mama, mistari ya kidole changu ilikuwa kama matuta ya viazi. Nikasema kama daktari anaona hivi, basi na anipasue.

Mama Mdogo alikataa. Mashine ngeni, waanze na wengine. Nami niliogopa, nisikudanganye, maana daktari hakunificha: ikienda vibaya, hata kile kidogo nilichokuwa nasikia kingepotea. Lakini nilitaka mno kujua. Wakanichoma ganzi, nikawa macho muda wote. Daktari alichukua utando kidogo nyuma ya sikio langu mwenyewe, akauweka pale penye tundu kama kiraka cha suruali. Nilikuwa nauliza kila anachofanya, mpaka akaniomba ninyamaze, kichwa kinatikisika.

Siku ya kutolewa pamba nikasikia kitu kinakwaruza sakafuni. Kumbe ni kandambili za nesi! Nikatoka pale nikisikiliza kila kitu, mpaka vitenge vikikunjwa sokoni Mwanjelwa. Ila kilichonishangaza zaidi ni watu. Wanaongea chini chini mno. Mimi siku zote nilidhani kila mtu anaongea kama wewe, ila wako mbali.

Hapo ndipo nilipoanza kukuwaza upya. Kule tulikokaa zamani, nyumba zikiwa mbalimbali, hakuna aliyejali kelele zako. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Idodi, nyumba zikapangwa mstari, na kila ulichoniambia kilifika mwisho wa mstari. Hata nilipovunja ungo kijiji kizima kilijua siku ileile. Wakakuita Tarumbeta. Bibi mzaa baba akasema mwanamke anayepayuka mbele ya wakwe hakulelewa. Hukujitetea hata mara moja.

Juzi nilimwomba Mama Mdogo aniigizie sauti yako, maana wote husema mlifanana. Akanena jambo, taratibu. Nikamwambia siyo hiyo, nikapayuka mwenyewe kumwonyesha. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Hiyo ilikuwa ya kwako wewe, Vero," akasema. "Dada alikuwa na sauti ndogo. Hata kanisani aliyekaa naye benchi moja hakumsikia akiimba. Ulipougua masikio ndipo alipoanza kupiga kelele."

Nilikwenda jikoni nikalia, Mama. Miaka yote ile sikuwahi kuisikia sauti yako.

Kwa hiyo sasa namsumbua mdogo wako. Naenda chumba cha pili, namwambia aniite kwa sauti yake ya kawaida. Anasema nimemchosha, ana mboga jikoni, lakini anaita. Naitika. Halafu namwomba tena, nakaa nikijiuliza kama na wewe ulivuta jina hivyo, au ulilikata.

Mahindi yakishavunwa nitakuja kaburini kwako. Nitapita nyumba hadi nyumba kwenye ule mstari, niwaambie kelele zile zilikuwa za nani. Kisha nitakaa karibu nawe, sikio la kulia likiwa upande wako.

Kwaheri, Mama. Pumzisha koo. Ukinijia ndotoni, nong'ona tu. Nitasikia.

Vero wako