Tuliapa Kutopigiana Simu

Bunia, tarehe 9 Machi 2014

Mpendwa mshauri, Mama Viviane, leo nitakueleza yote bila kuficha hata neno moja, naomba msaada wako. Mimi ni Ornella, mwanafunzi wa sekondari, nakaa mtaa wa Saio, na rafiki yangu Christella amehamia mji wa Kpandroma na wazazi wake, kwa kuwa watu wanasema amani imerudi, ingawa kila mtu bado anauliza barabara iko namna gani kabla ya kutoka. Darasani tulikaa kiti kimoja, na hesabu ndefu tuligawana, yeye nusu na mimi nusu, tukinong'onezana kidogo tu. Kabla hajaondoka, mwalimu wa fizikia alitufundisha habari za chembe mbili ndogo sana zilizofungamana: ukiziweka mbalimbali, moja kwa kila mashine, mashine hizo zinaweza kugawana hesabu fulani na kuimaliza kwa kutumiana habari chache kuliko kawaida. Christella akanishika mkono. "Weye na miye tuko vile," akasema. "Hata kubipiana kwa simu haina kazi." Nikacheka, tukaapa. Sasa simu iko kimya. Kila jioni najikaza nihisi kama ana furaha, lakini sihisi kitu, nasikia pikipiki tu zikienda mtaa wa Mudzipela. Wamama wanaouza maharagwe wanatoka Kpandroma kila siku ya soko, nami naogopa kuwauliza. Nikiwa wa kwanza kumpigia, si nitakuwa nimekata kile kinachotuunganisha? Tafadhali, nijibu upesi.

Ornella binti yangu,

Barua yako imeniuma moyo. Sasa acha nikugombeze. Nimemsomea kaka yangu Constant, naye ni mwalimu wa fizikia. Akacheka: "Dada, huyu mutoto alishika nusu ya somo! Chembe peke yake haipeleki hata salamu. Inapunguza maneno, haiyamalizi. Mashine zikinyamaza kabisa, kila moja inabaki na nusu yake ya hesabu."

Umesikia? Na yule wa Kpandroma, unadhani anafanya nini? Huenda naye anatazama simu, anajikaza akuhisi, anaheshimu kiapo. Siye watu wa huku Ituri tulishanyamaziana vya kutosha, kila mmoja akidhani mwenzake anajua.

Usibipu na kukata. Piga, na useme. Mtandao ukigoma, nenda sokoni, mshike mama mmoja wa maharagwe, mpe jina la Christella na salamu ya kinywa. Kwenu ninyi wawili neno moja litafanya kazi ya mia. Lakini hilo moja lazima litoke.