Bolti Mbili za Kitanda cha Arusi

Jumapili, 3 Machi 2002. Butembo

Na kelele hiyo sikuiota, niliisikia kweli. Chini ya injini ya pikipiki, kila alipobadilisha gia: taka, taka, kama kijiko kilichosahauliwa ndani ya kikombe. Nilimwambia mume wangu Kambale jana. Nikamwambia tena leo baada ya ibada. Akacheka, akanibusu kwenye paji la uso mbele ya mama mwenye nyumba. Aibu! Mpaka sasa paji lina moto.

Amesharudi Beni. Anafundisha hesabu kule, mtaa wa Mulekera. Mimi niko hapa na darasa langu la pili mpaka mwaka wa shule uishe. Wiki tano za ndoa, na mume nampata Jumamosi na Jumapili tu.

Pikipiki yake tunaiita Padri, kwa sababu aliinunua kwenye parokia moja ikiwa imeshachoka. Sisi ni Waprotestanti. Baba anamtania: "Mukwe wangu, ukizidi kumupanda huyu Padri, siku moja utarudi na rozari mu shingo."

Kabla ya kuondoka aliilaza ubavu, tukaangalia. Bolti mbili ndefu zinashika injini kwa chini. Moja meno yameliwa. Nyingine haipo kabisa, ametia waya mahali pake. Beni ametafuta, hakuna. Amenichorea urefu wake nyuma ya kadi ya arusi iliyobaki: sawa na kidole changu cha kati. Alikishika kidole muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji.

Kwenye njia ya Beni, pikipiki ikifia kati ya kizuizi na kizuizi cha wenye bunduki, hujui ni nani atakayekukuta kwanza. Sitaki kuwaza. Nawaza.

Jumanne, 5 Machi

Soko zima. Mabeseni ya bolti na skrubu, nimechambua mpaka kucha zimekuwa nyeusi. Nyingi fupi. Zile ndefu ni nene, za lori. Malori ya kutoka mpakani hayapandi, wanasema njia ni mbaya. Njia ni mbaya, maana yake vita.

Mwenye beseni la mwisho alinicheka. "Madame, banamuke benzako banachagua bitenge, weye unachagua buloni? Yule bwana alikuoa ama alikupa kazi?"

Nikamjibu: "Yote mbili."

Nimerudi bila kitu, miguu imevimba. Nampenda kijinga.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Watoto kumi na mmoja tu darasani, wengine wazazi wamewaficha nyumbani. Milio ya risasi ilisikika asubuhi, mbali. Hakuna bolti. Kesho anakuja. Nimefua shuka.

Jumamosi, 9 Machi

Amefika saa tisa alasiri, mwekundu kwa vumbi, na ile bolti iliyobaki nayo imedondoka njiani. Sasa injini yote imefungwa kwa waya. Kama mzigo wa kuni.

Alisinzia mezani, kijiko mkononi. Nilimtazama. Mtu amekonda, macho yameingia ndani, na bado mimi nasema hakuna mwanamume mzuri kama huyu kutoka Lubero mpaka Kamango. Nimemvua viatu. Hakuamka.

Jumapili, 10 Machi

Nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Baada ya ibada Kambale alikwenda kumsalimu baba. Mimi nilirudi nyumbani kutandika. Nikapiga magoti kuvuta shuka upande wa miguuni, na hapo nikaiona. Bolti. Ndefu, inang'aa, haina hata tone la kutu. Kitanda chetu, zawadi ya baba, mbao ngumu za mti wa libuyu, fundi alikifunga kwa bolti nne. Nikaweka kidole changu cha kati. Sawasawa!

Nilizitoa mbili za miguuni. Nikachukua nati ya Padri aliyoniachia Kambale kwa kipimo, nikaizungusha kwa vidole: ikaingia laini mpaka mwisho. Nikalia kwa furaha, peke yangu, nimeshika bolti. Upande wa miguuni nimeufunga kwa kamba ya katani na kuufunika kwa shuka.

Aliporudi nilimwambia nimezipata sokoni. Alinibeba, akanizungusha ua mzima. "Muke wangu ni mékanicien, lakini nilioa nani?" Tulizifunga pamoja. Yeye alikaza nati, mimi nilishika kichwa cha bolti kwa spana nyingine isizunguke. Nilifunga Padri kwa kitanda chetu na yeye hakujua. Kwangu ilikuwa nzuri kuliko maua.

Ameondoka saa saba mchana. Kelele haikusikika hata mara moja.

Uongo ni mdogo. Hata hivyo ni uongo.

Jumatatu, 11 Machi

Kitanda kinainama upande wa miguu. Nimeamka nimeteremka mpaka ukutani. Nilicheka peke yangu, kisha nikachoka ghafla, sijui kwa nini.

Jumanne, 12 Machi

Dereva mmoja wa lori, muumini wa kanisa letu, alinisimamisha mlangoni mwa shule. Jumapili alikuwa akitoka Beni. Alimwona Kambale kwenye mlima wa Kabasha, akisukuma Padri kwa mikono, peke yake. Hakusimama. Pale hakuna anayesimama. Aliniomba msamaha akitazama viatu vyake.

Na pale pale Kabasha, watu wanasema, jana asubuhi kulikuwa na risasi.

Nilirudi darasani. Nikaandika hesabu ya kujumlisha ubaoni, nikakosea. Mtoto mmoja akanisahihisha.

Jumatano, 13 Machi

Nilikwenda kwenye foni ya kanisa, ile redio tunayotumia kuongea na Beni. Nilisimama kwenye foleni tangu saa moja. Beni haikujibu. Labda betri. Labda mvua. Kila mtu kwenye foleni ana mtu wake njiani, kwa hiyo hakuna anayekupa pole, na sisi wote tunajua sababu.

Zile bolti nilimpa mimi. Kama ningekaa kimya angekwenda na waya wake, taratibu, akisimama kila mara kuukaza kama alivyozoea. Mimi nilimpa moyo wa kwenda mbio. Najichukia. Sijala.

Alhamisi, 14 Machi

Yuko hai! Yuko hai, yuko hai, yuko hai.

Beni iliita yenyewe, saa nne. Mwenye foni alimtuma mtu shuleni, nikakimbia na chaki mkononi. Chumba kilijaa watu wa foleni. Nikasikia sauti yake ikikwaruza ndani ya chombo, nikalia.

"Madame, bonyeza hapa, sema," mwenye foni aliniambia. "Ukimaliza, sema à vous, ajue ni zamu yake. Kulia hakupitaka ku foni."

Nilisema nampenda. Nilisema mara tatu. Nikasahau kusema à vous, tukangojana, yeye kule, mimi huku. Mama mmoja wa foleni akapiga kelele: "À vous, bibi-arusi! Na siye tuko na batu betu!"

Ndipo Kambale akajibu. Yeye ni mzima. Bolti zilikatika, moja baada ya nyingine, katikati ya mlima. Injini ikaning'inia. Alisukuma mpaka akafika kwa watu, akalala kwao, na asubuhi risasi zilipolia alijificha pamoja nao kwenye shamba la kahawa mpaka zikanyamaza. Jumanne akafika Beni kwa miguu, na Padri mkononi. Ana homa kidogo. Kisha akasema: "Mékanicien wa hapa aliangalia bile bipande. Alisema hii si buloni ya pikipiki, ni ya kitanda. Donc, mama, nakuuliza tu: kitanda yetu ingali inasimama? À vous."

Chumba kizima kilicheka. Hata mwenye foni aliinamisha kichwa juu ya daftari lake, mabega yanatikisika. Nilitaka ardhi inimeze. Nilibonyeza, nikasema: "Inasimama na kamba. Unisamehe. À vous."

"Nilikusamehea mu mulima," akasema. "Pale nilikuwa na wakati mingi ya kuangalia bile bipande."

Ijumaa, 15 Machi

Nimelala mchana wote kama mgonjwa. Kitanda kimeinama, mimi nimeinama nacho. Hatakuja kesho. Padri yuko Beni bila bolti, na yeye ana homa.

Jumatatu, 18 Machi

Baba alinipeleka kwa Papa Muhindo, mzee anayevunja mashine zilizokufa na kuuza vipande. Baba alipoondoka, nilimweleza mzee yote. Sikuficha kitanda. Hakucheka, na hiyo iliniumiza kuliko kucheka.

Aliniwekea bolti mbili mezani. Moja ya kung'aa, nyingine nyeusi, mbaya, imeshika grisi ya miaka. "Soma kichwa," akasema. Ile ya kung'aa kichwa kitupu. Ile nyeusi, chini ya uchafu, 8.8. "Hii namba ni nguvu yake. Kichwa hakina namba, hiyo ni ya kushika mbao, mwanangu. Mbao inalala. Moteur inatetemeka."

Ile nyeusi ilikuwa fupi kwa Padri, basi tukaanza kutafuta. Nilisugua vichwa kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Sikutafuta uzuri, nilitafuta namba. Saa tatu nzima. Nilipata moja kwenye mguu wa jenereta iliyoungua. Ya pili ilikuwa kwenye mashine ya kukoboa kahawa, imeganda, tuliitia mafuta tukaisubiri kama mgonjwa. Ikatoka.

Alinifundisha mengine. Nati izungushwe kwa vidole kwanza, ikigoma usiilazimishe. Meno mawili au matatu yatokeze nje ya nati. Washa ya springi, ile pete ya chuma iliyokatwa, ikae chini yake, kwa sababu pikipiki hutikisa kila kitu mpaka kifunguke. Na ukishaenda mwendo kidogo, simama, kaza tena.

Bolti hizi ni mbaya mno kwa sura. Nilizibeba nyumbani ndani ya kitambaa changu cha kichwani.

"Wasingya, Papa," nilimshukuru. Akanipa na mbili fupi za kung'aa. "Hizi za kitanda. Baba yako asione kamba."

Jumatano, 20 Machi

Kimya leo. Hakuna milio, hakuna mvua.

Kitanda kimenyooka. Zile fupi zilitosha baada ya kuchonga mbao kidogo. Nimelala juu yake mchana kujaribu, mikono imefunguka pande zote mbili. Ni kikubwa kwa mtu mmoja.

Zile nyeusi nimezishona ndani ya pindo la kitenge, na nati zake, na washa. Shule inafunga kwa Pasaka. Yule dereva wa lori alikuja mwenyewe jana, akasema ana nafasi mbele kwa ajili yangu, na kwamba safari hii, kama kuna mtu anasukuma kitu mlimani, atasimama. Naogopa ile njia. Nitakwenda. Si haki yeye tu kila mara awe njiani.

Asubuhi nilipita kwenye foni. Beni ilisikika vizuri, lakini Kambale alikuwa darasani, homa imemwacha. Nikaacha ujumbe. Mwenye foni aliuandika kwa herufi kubwa, akausoma taratibu kwenye chombo, na foleni yote ikasikiliza:

Usimfunge Padri kwa waya. Usipande mlima. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Mulekera, na bolti ninazo.