Kitufe Kilichomezwa na Picha ya Shangazi

Mama Mshauri mpendwa, naomba msaada, lakini kabla hujaanza kunionea huruma ujue unaandikiwa na kijana ambaye kompyuta zikimwona zinajiwasha zenyewe, simu zilizokufa zinafufuka, na mtandao ukizingua mtaani watu hawaipigii kampuni, wananipigia mimi. Shule niliiacha katikati, ni kweli, mimi na hisabati tuliachana kwa amani, haikunifuata nami sikugeuka nyuma, ila kurasa za mtandao nazitengeneza nimefumba jicho moja, na nina miaka kumi na tisa tu, je, nikifika thelathini si watanijengea sanamu?

Sasa sikia. Nimelelewa na shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, mama ambaye hadi leo akikohoa tu mimi naketi wima. Miguu yake siku hizi haimpeleki mbali, basi akapata wazo la kuwaalika nyumbani wanafunzi wake wa zamani, sasa ni watu wazima na ndevu zao, waje Jumamosi moja alasiri akae nao tu, aone walivyokua. Alizitafuta namba zao miezi mitatu, huyu anampa ya yule, akapata thelathini na moja. Kuwapigia hataki, anasema mtu ukimpigia atakuja kwa aibu, si kwa kupenda. Akaniambia, "Mwanangu, nitengenezee ukurasa, anayekuja abonyeze mahali, nijue niazime viti vingapi, na akishabonyeza ndipo aonyeshwe njia, maana nimehama." Nikamwambia, "Shangazi, hiyo kwangu ni kama kumsukuma mlevi."

Nikautengeneza, Mama, ukang'aa. Juu picha yake kubwa, chini kitufe cha kijani kimeandikwa NAKUJA, kinaingia taratibu kama bi harusi. Lakini Shangazi ni mwalimu, hakubali kitu mpaka kipimwe. Akanipa daftari alilolichora mistari mwenyewe, akasema, "Watu hawatumii simu za aina moja, wala hawafungulii mtandao kwa kivinjari kimoja. Andika kila simu na kila kivinjari utakachojaribia, kilichofaulu kiwekee alama ya vema. Anza na simu yangu." Simu yenyewe, Mama, imefungwa kwa mpira wa nywele isiachane vipande, na kivinjari chake kizee hata chenyewe kimesahau kilizaliwa lini. Nikacheka, nikamwambia, "Hiyo ipeleke makumbusho, Shangazi." Nikaingia chumbani, nikaufungua ukurasa kwenye simu yangu mpya, ukapendeza, basi nikaandika majina tisa ya simu na vivinjari na kuweka vema tisa bila kugusa hata kimoja, kwani mpishi hodari anaonja kila sufuria?

Ujumbe wa mwaliko nikawatumia wote kwa namba isiyopokea majibu, kama zile za kampuni kubwa. Siku ya kwanza wakabonyeza wawili. Siku ya pili ni wawili walewale. Kila asubuhi Shangazi anauliza, "Wangapi?" nami nasema, "Watu wana shughuli, Shangazi, subiri kidogo," na wiki nzima ikapita na wawili wake.

Jumatatu nikaenda kunyoa. Kinyozi wetu naye alipita kwenye mikono ya Shangazi. Amenimaliza upande mmoja, akazima mashine, akachomoa simu mfukoni.

"Profesa, hivi shangazi yako ananitania? Nabonyeza, ananitazama tu."

"Unabonyeza wapi?"

"Si hapa! Wameandika bonyeza hapa chini, chini hakuna kitu, kuna mwalimu. Nimembonyeza paji la uso mpaka naogopa ataniita mbele ya darasa."

Nikaishika ile simu, ya zamani kama ya Shangazi, nikaona picha imetanuka imekimeza kitufe chote, hata ncha haionekani. Mama, nikapata jasho la kichwani, na upande ulionyolewa nikalisikia likishuka vizuri kabisa. Kumbe wale wawili ndio wenye simu mpya, na wengine wote kutwa wanambonyeza shangazi yangu usoni. Nikaondoka hivyohivyo na nusu kichwa, mbio hadi nyumbani.

Jumamosi yenyewe bado wiki mbili. Ukurasa nautengeneza kwa dakika kumi, hilo lisikusumbue. Ninachouliza ni kama nirekebishe kimyakimya niseme watu wamebadili mawazo, au nimwambie, maana liko jambo ambalo sijamwambia mtu.

Nilipofika nilimkuta sebuleni, ameshamwambia jirani asilete viti. Hakuuliza hata habari ya kichwa changu. Akasema, "Ufute ule ukurasa, mwanangu. Labda nilikuwa mkali mno. Wengine niliwachapa, na mtoto hasahau." Na mimi wakati huo najua kila kitu, nimetoka kwa kinyozi dakika hiyo. Neno moja tu lingetosha. Nikamwambia, "Huenda, Shangazi. Watu ndivyo walivyo."

Fundi wa Kurasa


MSHAURI ANAJIBU

Fundi wa Kurasa, sanamu isubiri kwanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikatamani nikufinye sikio. Picha kumeza kitufe si dhambi. Mafundi wenye vyeti ukuta mzima hupatwa na hayo, ndiyo maana hupima kabla ya kutuma. Ila lile daftari, kijana! Miaka yote yule mama aliita jina, akainua macho, akamwona mtoto, ndipo akaandika kwamba yupo. Wewe umeandika "yupo" kwa watoto tisa ambao hukuwaona hata mmoja.

Na hilo nalo ni dogo. Kubwa unalijua mwenyewe, ndiyo maana ukaliweka mkiani. Shangazi yako alijishtaki mbele yako, wewe ukiwa na ushahidi wa kumwachia huru mkononi, nawe ukaipigia hukumu muhuri. Ulijivutia shuka lote, ukamwacha yeye na baridi.

Sisemi una roho mbaya. Uliogopa. Mtoto wa mwalimu aliyeacha shule katikati hutamani walau kitu chake kimoja shangazi akione kimefaulu. Nakuelewa, mwanangu, kuliko unavyodhani. Lakini mapenzi yake kwako hayakuanzia kwenye kitufe, wala hayataishia hapo.

Usirekebishe kwanza ndipo useme. Sema kwanza. Na usianze na hadithi za vivinjari, anza na hili: "Hawakukusahau, Shangazi. Walibonyeza, mimi ndiye sikupima." Kisha mwambie ulikuwa unajua uliposema "huenda". Hapo utatamani kuruka. Usiruke. Pengine atalia, pengine atakutupia daftari. Kaa hapohapo.

Kama kweli aliwachapa, hilo ni lake na wao kulizungumza wakikutana. Wewe usilijibu kwa niaba yao.

Baada ya hapo fanya kazi yako. Anza na simu yake, abonyeze kwa kidole chake mwenyewe. Nenda kwa kinyozi, kwa jirani mwenye viti, kwa muuza duka, kwenye kompyuta kuukuu yoyote utakayoiona, ufungue kweli, ubonyeze kweli, na vema uiweke tu ukishaona maelekezo ya njia yametokea. Halafu wapigie wote thelathini na moja kwa sauti yako. Usiwabembeleze waje, hilo yeye alilikataa na ana haki. Waambie kosa lilikuwa la nani na waufungue ukurasa tena. Wakija wanne, ni wanne waliopenda. Asiyekuja asiwe yule uliyemfungia mlango wewe.

Na viti uvibebe mwenyewe.

Umekaa ukaniandikia kurasa nzima mimi nisiyekujua sura, ilhali mwenyewe yuko chumba cha pili anadhani maisha yake yote ya ualimu yamekwenda bure. Weka simu chini, ukabishe hodi.